Kabla ya Kufungua Kabureta, Fungua Kifuniko

Maneno haya niliyasema mbele ya wavuvi, manahodha na wenye boti waliokusanyika kando ya Bwawa la Mtera, upande wa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nimeacha tu yale ambayo upepo uliyachukua, na utani wa vijana wa nyuma ambao haufai kuandikwa.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa wavuvi, wazee wangu, mama zangu mnaomiliki vyombo, na nyinyi vijana mnaoviendesha: mbukwenyi! Na ndugu zetu mliovuka kutoka Migoli, kamwene!

Nimeombwa niseme juu ya mashine za boti. Nitawavunja moyo kidogo, maana mashine zenyewe leo sizigusi. Nitasema juu ya tangi la mafuta, na zaidi juu ya tundu lake la hewa, lile ambalo wengi wenu hamjui kama lipo, na wanaolijua wanalifikiria kama pambo.

Malalamiko ninayoletewa kuliko yote ni haya. Kijana anafika na mashine ya farasi 15 begani, jasho linamtoka. "Fundi, inazima katikati ya maji. Nikikaa kidogo inawaka, naenda, inazima tena. Nikirudi mwaloni inanguruma kama mpya." Kabla hajanifikia ameshapita kwa wengine. Plagi zimebadilishwa. Kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, imefunguliwa, imeoshwa, imefungwa, na wiki iliyofuata imefunguliwa tena. Mwingine ameshaambiwa koili ya kutoa cheche imekufa, akauza mbuzi akanunua nyingine. Mimi namuuliza: tangi ulilokuwa nalo siku hiyo liko wapi? Hakuja nalo. Ameliacha nyumbani, kwa sababu ni nani aliwahi kusikia tangi linaugua?

Basi sikilizeni linavyougua.

Petroli lita moja ikitoka ndani ya tangi, lita moja ya hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Hakuna ujanja. Kila mmoja hapa ameshapindua dumu la maji la lita 20. Maji hayatoki kwa mkondo, yanagugumia, gudu, gudu, gudu, na kila gudu ni hewa inayogombania mlango uleule ambao maji yanatokea. Toboa kitundu upande wa juu, mkondo unanyooka. Sasa, tangi la mashine halina hata nafasi ya kugugumia. Mpira unaokwenda kwenye mashine una vali, yaani vilango vinavyoruhusu mafuta kwenda mbele tu. Kwa hiyo kama tundu la hewa limeziba, ile hewa iliyobaki juu ya mafuta inatanuka, inazidi kuwa dhaifu, na pampu ndogo ya mashine inavuta, inavuta, mpaka inashindwa. Kabureta inakauka. Mashine inakohoa mara mbili tatu, inazima.

Halafu unakaa. Unatukana kidogo, unavuta kamba, unapumzika. Wakati huo hewa inajipenyeza taratibu kwenye nyuzi za kifuniko, na tangi linapata nafuu. Ukivuta tena inawaka. Nawe unasema mashine ina mashetani.

Kuna mambo mawili hapa yanayowapoteza mafundi wengi, na naomba myashike vizuri.

La kwanza, fundi akiifunga mashine kwenye pipa la maji pale kwake na kuiacha iende polepole, haitazima. Mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili, ikienda kasi yake yote, inakula kama lita 6 kwa saa, yaani lita moja kila dakika kumi. Ikiwa kwenye pipa, haiendi mbali, haibebi mzigo, inakula kidogo mno. Hewa kidogo inayopenya kwenye kifuniko kibovu inaitosha. Fundi anakwambia imepona, unalipa, unaondoka. Ukifika mbele ya visiki vilivyomo majini, mashine ikiwa imebeba watu na nyavu, ugonjwa unarudi.

La pili ni hili ambalo wengi huliona bila kulielewa: tangi likijazwa mpaka juu, mashine inazima mapema. Likiwa nusu, inakwenda mbali zaidi. Nimewasikia watu wakisema petroli ya juu ni mbaya na ya chini ndiyo nzuri, na kuna waliogombana na wauza mafuta kwa sababu hiyo. Muuza mafuta hana kosa. Tangi lililojaa lina hewa kidogo sana juu, labda lita moja. Ukitoa petroli kidogo tu, ile hewa inalazimika kutanuka sana na mvuto unakuwa mkali. Tangi la lita 24 likiwa nusu lina lita 12 za hewa, linavumilia. Kwa hiyo ukiona mashine yako inazima haraka ukiwa umejaza, na inachelewa kuzima ukiwa na nusu, usimwite fundi bado. Shika kifuniko.

Sasa kipimo chenyewe. Ni cha bure na kinafanyika palepale majini. Mashine ikianza kukohoa, mtu mmoja afungue kifuniko cha tangi taratibu. Ukisikia fyuuu, hewa inaingia kwa pupa, na mashine ikajirudi, umeshapata jibu. Tazama na mbavu za tangi: kama ni la plastiki, zitakuwa zimebonyea kwa ndani. Kama kifuniko kimefunguliwa na hakuna mabadiliko, shika ule mpira wa kuminya, lile puto lililo kwenye mpira wa mafuta. Ukiukuta umebonyea, umenyonywa, haujai tena, kizuizi kiko kati yake na tangi: chujio la ndani ya tangi, au mpira wa mafuta umekunjwa chini ya guu la mtu. Ukiukuta laini tu na kila ukiminya haukazi, kuna hewa inaingia mahali, kwenye kiungio au klipu iliyolegea, au vali zake zimechoka, au petroli imekwisha na hutaki kukubali. Na ukiminya mashine ikapata uhai, lakini ukiacha inakufa, basi hapo ndipo tunaweza kuanza kuisema vibaya pampu ya mashine yenyewe.

Mnaona, kabureta bado hatujaifungua.

Tangi la kubeba mkononi, lile la lita 12 au 24, lina skrubu ndogo juu ya kifuniko. Ile ndiyo tundu la hewa. Ukiwa unaendesha, iwe wazi. Ukiwa unasafirisha au umeweka stoo, iwe imefungwa. Vijana wengi hawaigusi tangu tangi linunuliwe. Jua na vumbi vinaikausha, inashika, na anayejaribu kuifungua kwa koleo anaikata kichwa. Ifungue na uifunge mara kwa mara hata kama huna safari, na uiweke safi.

Kuna dawa ya mtaani, na naiona hapa mbele kwenye baadhi ya matangi, sitataja ya nani. Msumari wa moto juu ya kifuniko. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Mashine haitazima tena kwa kukosa hewa. Ila tundu hilo halifungiki. Wimbi likipiga, maji yanaingia. Upepo wa alasiri ukivuma kutoka kwenye ufukwe mkavu, vumbi linaingia. Tangi likilala upande, petroli inamwagika ndani ya chombo ambacho mtu ameketi na sigara. Kifuniko kizima kinauzwa peke yake, na bei yake ni ndogo kuliko kufungua kabureta mara moja.

Na kuna wale ambao hawana tangi kabisa, wanatumia dumu la njano la mafuta ya kula, mpira umetumbukizwa mdomoni na tambara limesokotwa kuzunguka. Najua sababu, tangi halisi ni ghali, na siwezi kusimama hapa nikawacheka. Lakini mjue dumu lile haliwakosei kwa hewa, linawakosea kwa mengine. Halijafungwa popote, linateleza. Tambara linalowa petroli na kukaa pale mchana kutwa likitoa mvuke. Kama mnachanga fedha za kikundi, mimi ningeanza na matangi kabla ya nyavu mpya. Huo ni mtazamo wangu, mnaruhusiwa kunipinga.

Kabla sijaacha matangi ya mkononi, jua. Petroli ikipata joto inatanuka, karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Mtaona ni kidogo. Hesabuni: lita 24 zilizotiwa asubuhi na baridi, zikaja kupanda nyuzi 20 kwa jua la saa nane mchana, zinaongezeka karibu nusu lita. Kama ulijaza mpaka mdomoni, nusu lita hiyo inakwenda wapi? Na mvuke nao unasukuma. Tangi linavimba, na kama umeliacha limeungwa na mashine, linaisukuma petroli kwenye mpira, inapita sindano ya kabureta, inadondoka ndani ya mashine na kwenye maji. Asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma kwa sababu mashine imezidiwa mafuta. Kwa hiyo acheni nafasi juu, sehemu moja katika ishirini inatosha. Wekeni tangi kivulini. Chombo kikilala, chomoeni mpira. Na tangi lililovimba lisifunguliwe kwa nguvu: legeza skrubu kidogo kidogo mpaka lipumue, ndipo uunge mpira.

Wale mnaopeleka madumu Iringa kwa njia ya Nyang'oro mnalijua hili kwa macho. Hapa bwawani tuko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya 1,500. Dumu lililofungwa hapa linafika kule limevimba kama lina hasira, kwa sababu hewa ya nje kule ni nyepesi zaidi. Kulifungua kwa pupa ni kujimwagia petroli usoni.

Sasa twende kwenye boti za faiba, zile zenye tangi la kudumu chini ya sakafu. Hapa Mtera si nyingi, ila waliokuja nazo wananisumbua kuliko nyinyi wote, kwa hiyo mtanivumilia.

Tangi la namna hiyo lina mipira mitatu. Mmoja mnene wa kujazia, kwa kawaida milimita 38 kwa ndani, unaoshuka kutoka kwenye kifuniko cha ukingoni. Mmoja mwembamba wa hewa, kama milimita 16, unaopanda kutoka juu ya tangi mpaka kwenye kitundu kilicho ubavuni mwa boti. Na wa tatu unakwenda kwenye mashine. Ule wa pili ukiziba, unaona mambo mawili kwa mpigo: mashine inazima kama nilivyosema, na kujaza kunakuwa vita.

Boti imewekwa kwenye trela, imevutwa mpaka kituo cha mafuta. Mhudumu anaingiza nozeli, anabonyeza: tak, imekata. Anabonyeza tena: tak. Analaumu boti, mwenye boti analaumu pampu, foleni ya bodaboda nyuma inalaumu wote wawili. Nozeli ina kitundu kidogo karibu na ncha. Petroli inapopita inafyonza hewa kwa kitundu hicho. Siku ncha inapofunikwa na mafuta, hewa inakosekana, kiwambo cha ndani kinavutwa na kufyatua mkono. Nozeli haijui kama tangi limejaa. Inachojua ni kwamba ncha yake imefunikwa. Na kama hewa ya tangini haina njia ya kutokea kwenye mpira wake, inapanda kwa mpira wa kujazia, inakutana na petroli inayoshuka, inairudisha juu, na ncha inafunikwa wakati tangi liko robo. Mkijaza kwa dumu na faneli ni hali ileile, ila hapo badala ya tak mnapata kucheua: petroli inatulia kwenye faneli, halafu ghafla bwaa, imewarukia kifuani.

Tuitafute sababu kwa mpango. Anza nje, pale ubavuni. Kitundu kina wavu mwembamba wa waya. Chungulia. Sisi wa hapa tuna tatizo ambalo watu wa baharini hawana kwa kiasi hiki. Bwawa hili lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, mitambo ya hapa ni megawati 80 na maji yakishuka yanakwenda kuzungusha ya Kidatu. Kwa hiyo maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua na mahitaji ya mitambo. Likijaa kabisa linafika mita 698 na nusu juu ya usawa wa bahari, na linaweza kushushwa mpaka 690. Tofauti hiyo ya mita nane na ushee, kwenye bwawa lililotandaza kama hili, inarudisha ufukwe mbali sana. Boti inabaki juu ya udongo uliopasuka kwa miezi. Hapo vumbi linapata muda, na nyigu wale wanaojenga kwa udongo wanapata nyumba. Kitundu cha milimita chache kinawafaa kabisa. Maji yakirudi, unashusha boti ukidhani iko vilevile ulivyoiacha.

Udongo wa nyigu hutolewa kwa waya laini, taratibu, usiusukume ndani. Baada ya hapo fungua kifuniko cha kujazia, chukua kipande safi cha mpira, uweke kwenye kitundu cha ubavuni, upulize kwa mdomo. Puliza, usivute! Mwenzako aweke sikio karibu na mdomo wa kujazia. Akisikia hewa au mapovu, njia iko wazi. Asiposikia, chomoa mpira wa hewa pale kwenye tangi na upulize tena. Hewa ikipita sasa, ubovu uko kwenye kiungio cha tangi, huenda kuna vali ndogo ya mpira imegoma. Isipopita, ubovu uko ndani ya mpira wenyewe.

Mara nyingi, lakini, utakuta hewa inapita vizuri na bado nozeli inakata. Hapo fuata mpira kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mpira wa hewa unatakiwa upande tu, toka tangini mpaka nje, usishuke hata mara moja katikati. Waliofunga boti nyingi ninazoziona waliacha urefu wa ziada ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Petroli inayorushwa wakati wa kujaza inaingia kwenye ule mshuko na kutulia. Mshuko uliojaa petroli ni kizibo. Baada ya siku mbili umekauka kwa mvuke, unapuliza, hewa inapita, unasema mpira ni mzima. Ugonjwa wa namna hii unakuja na kuondoka, na ndio unaomaliza fedha za watu. Dawa yake ni kuufupisha mpira, kuuinua na kuufunga kwa klipu ili upande moja kwa moja. Kazi ya nusu saa kwa mwenye bisibisi.

Mpira wa kujazia nao ushuke bila kona kali na bila kulala. Kama umelala, mafuta yanajirundika na kurudi. Pale huna la kufanya kituoni ila kuingiza nozeli nusu, kuizungusha kichwa chini, na kujaza kwa mwendo wa pole. Nyumbani ndipo utarekebisha.

Na mtazame boti imelalaje. Tundu la hewa liko mwisho mmoja wa tangi. Trela likiinama upande huo, petroli inafunika tundu mapema wakati upande wa pili juu kuna hewa imenaswa haina pa kutokea. Petroli inaanza kuruka nje kupitia kitundu cha ubavuni, nawe unadhani limejaa. Nyanyua au shusha gurudumu la mbele la trela mpaka boti ikae kama inavyokaa majini, ujaribu tena.

Kuna jambo moja nataka kulisema kwa sauti, hata nyuma mnisikie. Tangi la boti lisipulizwe kwa kompresa ya fundi wa tairi. Matangi ya boti hupimwa kwa shinikizo la psi 3 hivi, yaani pauni 3 kwa kila inchi ya mraba. Kompresa ile inajaza tairi la lori kwa psi 100. Ukiielekeza kwenye tangi, hata tupu, seamu, yaani maungio yake, zinafunguka, na tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa. Ukitaka kutumia kompresa, chomoa mpira ncha zote mbili, usafishe mpira peke yake nje ya boti.

Maji kwenye mafuta nayo huingia kwa njia hizihizi. Kitundu cha ubavuni kinachotazama wimbi, au oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko, iliyopasuka kwa jua. Mpira wa hewa ukiwa na upinde mrefu kwenda juu kabla ya kufika nje, maji yanashindwa kupanda. Kupima ni rahisi: mimina petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini na utauona mstari.

Mwisho wa mimi kusema, kabla ya maswali yenu, ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu kama moshi. Unashuka, unajaa sakafuni mwa boti, unasubiri cheche. Na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mtera ya mwezi wa kumi na moja. Matangi ya mkononi yatolewe kwenye chombo na kwenye gari, yawekwe chini kwenye ardhi, ndipo yajazwe, nozeli ikigusa mdomo wa tangi. Tangi likiwa juu ya plastiki au faiba, umeme wa msuguano hauna pa kushukia. Kazi zote nilizozitaja zifanyike mchana, nje, simu iwe mbali na swichi za betri zimezimwa.

Haya, maswali.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tangi alilotumiwa na mwanawe halina skrubu juu ya kifuniko, na tena linavimba mchana hata kama halijaungwa. Nilimjibu: mzee wangu, hilo ni la namna mpya. Marekani, tangu mwaka 2011, matangi ya mkononi yanatakiwa yajifunge yenyewe ili mvuke usitoke hovyo. Kifuniko kina vali ndani, kinaruhusu hewa kuingia mashine inapovuta, lakini hakiachii mvuke mpaka shinikizo lifike kama psi 5. Kuvimba kwake ni kawaida, likiwa kivulini linapungua. Ila usiliache limeungwa na mashine ukaenda kulala. Na lile lililoandikwa kwamba lina vali hiyo, usilitoboe.

Mama mwenye mitumbwi akasimama. Alisema: "Fundi, mimi nahodha wangu ananiambia tangi la lita 24 haliingii zaidi ya 20. Nampa fedha ya 24. Hizo nne ni hewa iliyonaswa, au ni yeye?" Watu walicheka muda mrefu, na nahodha mwenyewe alikuwepo. Nikasema: mama, tusimhukumu bado. Tangi la mkononi mdomo wake mara nyingi uko upande mmoja. Likijazwa limeinama, hewa inanaswa kwenye kona na hutafika 24. Na dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni linazidi 20, kwa hiyo huenda amemimina zaidi ya anavyosema. Leo liwekwe pale kwenye ardhi tambarare, skrubu wazi, tumimine maji kwa chombo chenye alama za lita, kisha tulikaushe. Likiingia 24, mtazungumza nyinyi wenyewe nyumbani, mimi sitakuwepo.

Kijana wa mwisho alikuwa amepaka boti rangi mpya, nzuri kweli, bluu na nyeupe, na tangu hapo haijazi. Sikumjibu kwa maneno, nilimwomba akatazame ule wavu wa ubavuni. Alirudi akicheka: ameupaka nao. Rangi ikikauka kwenye wavu haichomoki kwa waya, inabidi kiungio kitolewe na kiloweshwe kwenye thina, au kinunuliwe kingine. Siku nyingine bandika utepe juu yake kabla ya kupaka, na ukumbuke kuubandua.

Walioleta matangi yasogezeni hapa kivulini, skrubu zikiwa wazi. Mwenye sigara akae kule barabarani mpaka tumalize. Tunaanza na lile lililobonyea mbavu.